Mtakatifu Aldara na Marehemu Asiye Wake

Mtakatifu Aldara alizaliwa mwaka 1391 katika kijiji cha Fontefría, nchi ya Galisia, ambako ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Hajabatizwa bado, baba yake akauawa: jirani yao kiwete, Roi, alimpiga jembe kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Mama yake, Tareixa, aliweka nadhiri ya kuhiji kwa Mtakatifu Andrea wa Teixido, juu ya majabali ya bahari. Kila mwaka alisema mwakani. Akafa, viatu vipya vya safari vikining'inia ukutani. Nasi twajua: asiyekwenda Teixido akiwa hai huenda akiwa mfu, tena akitambaa kama chura, mpaka aje mtu kumwita.

Asubuhi moja ya Novemba 1419, kabla theluji haijafunga njia, Aldara alikwenda makaburini na wifi yake, Mencía, mwanamke mcha Mungu ambaye mdomo wake haukujua sikukuu. Ukungu ulikuwa umemeza hata misalaba. Aldara akapapasa, akagonga kaburi mara tatu kwa fimbo, akasema, "Twende, mama," akageuka. Ukishamwita marehemu hutazami nyuma, nawe humwachi njiani. Aliyeachwa njiani haitwi tena milele.

Walitembea, Aldara akimpa mama habari za nyumbani, kama ipasavyo.

"Mama, yule ng'ombe mwekundu amezaa."

"Mwambie na kuku wake nimemla mimi," Mencía akadakia. "Akitaka kunigombeza, si huyo yuko nyuma yetu?"

Ndipo wakasikia nyuma yao mguu mmoja ukikanyaga, na mwingine ukiburuzwa. Mencía akanyamaza. Wengi huuhesabu huo kuwa muujiza wa kwanza wa mtakatifu wetu.

Adhuhuri waliketi kula mkate kwenye benchi karibu na chemchemi, wakamwachia marehemu nafasi katikati. Ubao wa pale ukalowa polepole, na mvua haikuwepo. Chini yake, matopeni, ilitokea alama ya mguu mzima, na kando yake mfuo wa mguu uliokokotwa.

"Wifi," Mencía akanong'ona, "mama yako hakuchechemea. Umegonga kwa nani?"

Kaburi lililopakana na la mama lilikuwa la Roi.

"Mwache hapa hapa! Amemuua baba yako, leo umbebee na mkate? Mwache awe chura, nitamkanyaga mwenyewe!"

Aldara akaushika mkate wake. Kumpeleka Roi ni kumwacha mama mwaka mzima mwingine chini ya udongo. Kumwacha Roi ni kumpoteza milele, naye hakuwa na ndugu hata mmoja. Mwisho akaumega mkate, akaweka kipande mahali palipolowa, macho yake mbele.

"Nimekuita mimi," akasema. "Inuka, Roi, twende. Ila usinisemeshe."

Hatua zikawafuata hadi jioni. Mlangoni pa kanisa, baridi ilimgusa Aldara begani na kumpita, na hatua zilizoingia ndani zilikuwa za miguu miwili mizima. Hapo ndipo alipolia.

Mwaka uliofuata alimpeleka mama, viatu vipya vikining'inia begani pake. Walipofika, bega lilikuwa tupu. Tangu hapo aligonga makaburi ya wasio na mtu: wezi, wauaji, watoto wa kuokotwa.

Aldara alipokuwa akikata roho, mwaka 1447, Mencía alimuuliza, "Na wewe nani atakupeleka?"

"Mimi nilishakwenda, wifi. Nyinyi msichelewe tu mazikoni."

Ukungu uliwazuia wengi. Walikuja wanne tu, wa kubeba jeneza. Hao walisikia nyuma yao umati ukitembea. Hakuna aliyegeuka, sisi si wajinga. Baada ya maziko, njia nzima ilikuwa imevurugwa na nyayo za miguu mitupu, na mbele ya zote, karibu kabisa na jeneza, alama za viatu vipya.

Nawe ndugu, siku ukungu utakapokupotosha ukagonga kaburi lisilo lako, usijifanye hukugonga. Mega mkate wako, msogezee aliyetoka, mwende.