Shemeji Alirudi Japani ya Kale, Pap Onditi Ikamshinda

Admin, nifiche vizuri, maana shemeji yangu anafuata ukurasa huu na hana kazi nyingi ya kumzuia kusoma. Nina miaka thelathini na minne, mke wa mtu, watoto wawili, nauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Otonglo. Nimeolewa miaka kumi na moja, na huko kwetu Nyakach sina hata mlango.

Wasiojua mila zetu niwaeleze. Mume wangu ni wa pili kuzaliwa. Kaka yake mkubwa asipojenga bomani kwao, sisi haturuhusiwi kujenga. Na mtu na mkewe hawalali nyumba ya mama mkwe. Kwa hiyo tukienda nyumbani mume wangu anaomba kitanda kwa binamu, mimi na watoto tunalala jikoni na kuku. Nikifa leo watanipigia kibanda cha haraka ndipo nizikwe. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa huyo kaka. Ana miaka arobaini na tatu. Ni fundi wa paa, tena hodari, mabati mengi hapa Otonglo ameyapigilia yeye. Mkewe alipomchoka akarudi kwao, bwana akaja kwetu eti kwa wiki mbili, mashine yake ya gemu kwapani. Akaingia mwaka wa pili. TV yangu ikasahau habari ni nini.

Gemu yenyewe nimeijua kwa lazima. Kuna samurai, mpiganaji wa Japani ya kale, ambaye bwana wake aliuawa na mashetani. Basi anapita kwenye lango jekundu, anarudi miaka ya nyuma, ayakute mashetani yangali machanga ayakate kwa upanga. Akishindwa, anarudi tena. Mtu mzima yuko na kaptula kwenye kochi langu, anapiga kelele "Kufa! Kufa!" na watoto wanafanya homework. Anaweza kurudi miaka mia nne mpaka Japani, lakini Pap Onditi, hapo kwao Nyakach, ambako kwa matatu unafika kabla hujamaliza njugu zako, hawezi!

Nilimsihi. "Shem, ni siku moja tu. Piga nguzo, weka mabati, lala humo, na sisi tujenge."

Hakugeuza hata shingo. "Mama Akinyi, wacha haraka. Imebaki shetani moja tu. Nikimaliza hii naenda home."

Shetani huyo mmoja alibaki kuanzia Pasaka mpaka Desemba.

Desemba tukaenda nyumbani kumzika shangazi ya mume wangu. Asubuhi natoka jikoni na manyoya ya kuku kichwani, mama mmoja wa jirani akanisalimia mbele ya watu, "Mgeni wetu ameamka?" Miaka kumi na moja, mgeni! Tuliporudi Otonglo mume wangu naye akafika mwisho. Akamwambia kaka yake, "Omera, ndugu yangu, zima hiyo kitu, ama siku moja nitafuta gemu yote!" Kaka akacheka, akaendelea kukata mashetani.

Jumanne asubuhi mume wangu akaenda kazini, shemeji akaenda kwa kinyozi. Nikaacha omena niliyokuwa nachambua, nikawasha mashine. Nilikuwa nimemtazama vya kutosha kujua pa kubonyeza. Ikaniuliza kama nina hakika. Ikaniuliza tena. Nikabonyeza ndiyo, nikarudi kwa omena yangu. 

Aliporudi akamkuta samurai wake yuko mwanzo kabisa, hana hata upanga mzuri. Mwanaume huyo alilia. Hata kwenye matanga ya baba yake hakulia hivyo. Jioni akamkabili mume wangu. "Ni wewe! Ulisema utafuta na umefuta. Sichimbi shimo hata moja hapo home mpaka useme na mdomo yako." Akabeba mashine, akahamia kwa rafiki yake mtaani Obunga.

Mume wangu aliapa kwa kaburi la baba yao kwamba hakugusa. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikaendelea kusonga.

Miezi miwili ndugu hawakusalimiana. Halafu mama mkwe akapiga simu, "Mnangoja nizikwe ndio mpatane?" Mume wangu akavaa shati, akaenda Obunga, akasema ni yeye alifuta. Akaomba msamaha kwa kosa ambalo si lake.

Jumamosi iliyofuata shemeji akajenga. Asubuhi shimo, saa kumi jioni mabati! Kazi ya siku moja, tumeingoja miaka kumi na moja. Akasimama mlangoni amejitanua, akawasimulia wajomba jinsi mdogo wake alivyomwonea wivu. Akaongeza, "Lakini nikisikia hata huo msamaha ulikuwa uongo, nang'oa hii nyumba na mabati yangu naenda nayo." Wajomba wakamcheka mume wangu usoni. 

Juzi tunakula, mume wangu akaniambia taratibu, "Ile siku controller ya gemu ilikuwa inanuka omena. Mimi siuzi omena, Mama Akinyi." Akanawa mikono. Kumbe alijua tangu siku ile ya kwanza.

Nilimdharau shemeji kwa kukimbia shida zake. Leo ninayemdharau ni huyu anayenitazama kwenye kioo.

Jumamosi hii ni zamu yetu kujenga. Mama mkwe amesema kabla nguzo ya kwanza haijasimama, mwenye neno moyoni alitoe, kwa sababu nyumba ya kinyongo huleta chira, na laana hiyo hushika watoto. Nikisema, shemeji atang'oa mabati yake na mimi nirudi kwa kuku. Nikinyamaza, nitalala ndani ya nyumba iliyosimamishwa na aibu ya mume wangu. Msiniambie nirudi nyuma nirekebishe, hiyo kazi ina mwenyewe, yuko Obunga na samurai wake. Niambieni tu, mama akishauliza nani ana neno na mume wangu ameinamisha macho, mimi nifanye nini?