Lozi Mbichi za Darajani

Nakupa ruhusa ya kucheka, maana Darajani nzima imeshacheka.

Mimi nasomesha darsa la kina mama mtaani kwetu, na Ramadhani hii nilijipa kazi ya pili: kuwahimiza wale lozi mbichi. Zioshe, ziroweke baada ya tarawehe, wakati wa daku zimenye maganda uzitafune taratibu. Mwili utakushukuru mchana kutwa.

Juzi mchana nikenda dukani na mwanafunzi wangu, Bi Asha. Mwenye duka akaapa lozi zake zote mbichi. Mimi siuziwi za kukaanga.

"Lozi mbichi inajulikana kwa meno," nikamwambia, nikatafuna moja. "Hii ina ladha ya maziwa. Ya kukaanga ingevunjika kavu."

Nikaonja na za gunia la pili, kisha la tatu. Wateja wakasogea, macho kinywani mwangu. Nikajua elimu inawaingia, basi nikaongeza sauti, na lozi.

Mwenye duka akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, nikupe na maji ya kushushia?"

Taya likasimama. Nimefunga.

"Bi Asha, mbona hukunambia?"

"Si wewe uliyetusomesha, mwalimu, kwamba aliyefunga akila kwa kusahau, Mungu ndiye aliyemlisha?" akajibu kwa adabu zake zote. "Nikakhofu kuingilia. Ila sikujua kama atakulisha magunia matatu."