Bahari Iliyokauka na Mtu Aliyeisifu

Baba yangu alikuwa na chazo. Kwa asiyemjua, chazo ni samaki mwenye kibandiko utosini. Hujibandika kwa papa, kwa kasa, kwa chochote kinachotembea majini, na kubanduka ni mpaka atake mwenyewe. Kwetu kisiwani Koyama wavuvi wa kasa walimfunga kamba mkiani, wakamwachia majini wakimwona kasa, naye akaenda kumganda mgongoni, kisha kamba ikavutwa polepole mpaka kasa yuko ubavuni mwa chombo. Baba alimfuga wake kwenye kidimbwi cha mawe na kumlisha vipande vya samaki, na mama akawa anasema mnyama yule anakula vizuri kuliko watoto wake. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa neno la kumwambia baba.

Chazo yule akafa. Jirani yetu, mtu mrefu mwenye meno ya mbele tu, akaja na wa kwake. Akamsifu kweli kweli. Kwamba hajapata kukosa, kwamba akimwona kasa hutetemeka kamba nzima. Baba akasema haya, kesho alfajiri tutakutana pwani. Jirani hakushangaa. Ndiyo ilivyokuwa kwetu: anayekusifia kitu, kiwe chazo, kiwe mng'oa meno, hufuatana nawe siku ya kwanza, akakaa nawe mpaka sifa zake zithibitike. Ada hii haina jina. Mtu alifanya hivyo tu, na asiyefanya hakuangaliwa usoni.

Siku ile chazo alipotiwa majini aligeuka, akajibandika chini ya chombo chetu wenyewe. Jirani akajitosa na shuka yake, akamsukuma kwa kidole gumba kuelekea mbele, maana ukimvuta nyuma ndiyo anazidi kuganda. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku tisa yule bwana alikuja na sisi, amekaa gubetini, mbele ya chombo, na kazi zake za nyumbani zimelala. Baba hakumcheka. Mama alimcheka, kila asubuhi akiuliza, "Leo mnakwenda kuvua chombo?" Siku ya kumi kasa akapatikana, mkubwa, na jirani akarudi kwake kama mtu aliyetua mzigo.

Nimeanza mbali, najua. Lakini sina njia nyingine ya kufika.

Na hadithi zilikuwa vivyo hivyo. Shangazi yetu alikuwa na hadithi ndefu, za kusimulia siku baada ya siku huku wanawake wakisokota kamba. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake alinipeleka dada yangu mkubwa, akinishika mkono. Alikuwa ameshaisikia hadithi ile mara tatu. Alikaa tena nami toka mwanzo mpaka mwisho, maana yeye ndiye aliyeisifu. Penye mambo ya kutisha akinitazama mimi, si shangazi.

Dada huyo yuko hai mpaka leo. Ni mjane, macho yamezimika, miguu imevimba, anakaa Kismayo nyumba ya pili kutoka kwangu. Tulitoka kisiwani pamoja mwaka wa vita, tukafika Mombasa, tukapelekwa kambini, tukarudi Mombasa, na mwisho tumerudi huku kwa sababu mtu huchoka kuwa mgeni. Safari zote hizo alibeba chetezo cha mama yetu, cha udongo, kimemeguka mdomo. Watu walitupa magunia ya mchele wapate nafasi chomboni, yeye akabeba chetezo. Ana binti mmoja, yuko Ulaya, na binti huyo alishamwambia kwa simu, kwa mapenzi kabisa, "Mama, huku ukifukiza ubani kengele ya moto inalia." Kwa hiyo chetezo hakina pa kwenda. Dada halisemi hilo mara nyingi, lakini husema.

Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kambini, darasa la wazee. Nasoma kwa midomo. Ninaandika Kiswahili hiki cha Mombasa kwa sababu ndicho nilichofundishwa. Nyumbani bado tunasema mchu na wachu, badala ya mtu na watu, kama tulivyozaliwa. Dada alipopofuka akaniomba nimsomee. Nikamsomea vilivyokuwepo, na vilikuwepo vichache, akachoka navyo.

Ndipo yule mpwa wangu wa Ulaya akanitia kwenye kikundi cha simu. "Mjomba," akaniambia, "humo wamo watu wa Mombasa, wa Dar, wa kila pahali, wanapeana vitabu virefu vya falme na majoka. Wengine wanavifasiri wenyewe kwa Kiswahili. Mama atapenda."

Nikaingia kwa adabu. Nikasalimu. Mmoja akajibu salamu. Wengine waliendelea.

Sasa niseme nilichokiona humo, na nitasema kama nilivyokiona. Mtu anaingia, anauliza: nipeni kitabu cha vita na uchawi. Kabla hajameza mate, watu kumi wamemrushia vitabu kumi. Soma hiki, utalia. Soma hiki, kile cha kwanza ni takataka. Hujasoma hiki? Basi hujasoma kitu. Wanapeana nyota kama watoto wanaopeana pipi. Wanasifu unene: kurasa elfu, juzuu kumi na mbili, na bado. Nilijiuliza kama wanasoma au wanajenga ukuta. Wanasifu ramani pia. Kila kitabu kina ramani ya nchi isiyokuwako, na wao wanajua kila mto wake. Siku moja nikaandika kwamba mimi natoka Koyama. Kijana mmoja akauliza, "Hiyo imo kwenye kitabu gani, babu?"

Hilo nililicheka. Yaliyobaki yalinitia kinyaa, kama unapomwona mtu anakula na anatema palepale anapokula.

Lakini nilikuwa na haja. Nikaandika, nikachukua nusu ya asubuhi kuandika: dada yangu haoni, mgonjwa, nataka kitabu kirefu cha kumsomea, kizuri, na kiwe kimekwisha. Kiwe na mwisho. Nikalirudia hilo mara mbili, kwamba yeye ni mtu mzima na hana miaka ya kungoja.

Akajibu mmoja ambaye picha yake ilikuwa joka. Jina lake sikulijua, na hata ningelijua nisingeliweka hapa. Akasema, "Mzee wetu, msomee hiki. Juzuu tatu, zote zimefasiriwa. Hutajuta."

"Kina mwisho?"

"Kinao, mzee. Mwisho wa kutoa machozi."

"Umekisoma?"

"Kila mtu amekisoma."

Nikamshukuru. Nikamwendea dada, nikamwambia nimepata hadithi na ina mwisho, mimi nakuhakikishia. Hayo ndiyo maneno niliyosema.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamke anayevuka bahari iliyokauka, amebeba taji la mfalme aliyekufa. Kila ufalme anaopita wanataka kumnyang'anya, au wanataka awape, au wanataka kumuua, na yeye hajui amkabidhi nani. Mimi sikuipenda. Watu wa humo hukatana vichwa, kisha hawazikani. Hakuna anayeoga. Majina yao ukiyatamka ni kama mtu anayekohoa mwiba. Niliona karaha kuyatia kinywani mwangu baada ya sala ya alasiri, na ndio wakati tuliokuwa tukisoma.

Dada aliipenda toka ukurasa wa kwanza, akiitukana.

"Bahari imekauka na samaki wamekwenda wapi?"

"Hajasema."

"Mchu huyu hajapata kusimama pwani. Bahari ikikauka jambo la kwanza ni uvundo. Endelea."

Nikaendelea. Nilipokuwa mzito wa kusoma alikuwa akigonga kidole kwenye mkeka, hivi, hivi, kama anamsukuma punda. Nilipofika pale mwanamke anapolala na taji kichwani ili lisiibwe, dada akasema, "Kambini nililala na chetezo tumboni. Unakumbuka?"

Nakumbuka. Nilimwambia akitupe. Aliniangalia kwa macho aliyokuwa nayo wakati ule, na sikurudia.

Basi kila siku akiuliza lile lile. "Atampa nani?" Nami nikisema tutafika, dada, ina mwisho. Tulisoma msimu mzima wa kaskazi mpaka mvua. Juzuu ya kwanza. Ya pili. Siku moja moja niliandika kikundini kumtafuta yule mwenye joka, maana mimi nilimhesabu kuwa yuko nasi. Nikaandika, "Leo tumefika kwenye daraja la chumvi. Wewe uko wapi?" Nikidhani atasema naye kafika hapo, au kapita, au atuambie hapo mbele kuna matata tujikaze. Hilo lilikuwa kosa langu, nalikiri. Nilimngojea kama tulivyomngojea yule jirani alfajiri. Yeye alikuwa akinitumia kidole gumba. Kidole gumba cha manjano, tena bila mkono.

Wengine wakanifanya mchezo. "Babu kafika wapi leo?" "Babu, mwambie mkeo asilale." "Ni dada yangu," nikaandika. "Samahani babu, mwambie dadako asilale." Nikavumilia. Nilikuwa nakwenda kwenye mwisho.

Juzuu ya tatu ikaisha siku ya Jumanne. Mwanamke amesimama mbele ya lango. Amelitoa taji kifuani. Amenyoosha mikono. Na hapo pakaandikwa kwamba itaendelea.

Nikafungua ukurasa unaofuata, hakuna. Nikaangalia kama simu imekwama. Dada kidole chake kinagonga mkeka.

"Soma."

"Imekwisha, dada."

"Kampa nani?"

"Hawajasema."

Kidole kikasimama. Mara ya mwisho nilipomwona ametulia vile tulikuwa chomboni, kisiwa kikizama nyuma yetu. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani aliyeisifu?"

Nikamwambia mimi. Maana kwake ni mimi.

"Na wewe nani aliyekusifia?"

"Mtu mmoja kwenye simu."

"Mlete basi. Hata kwa simu. Yeye anaujua mwisho, aniambie kwa maneno tu, haja ya kusoma haipo."

Nikatoka nikakaa kibarazani kwangu, nikaandika. Niliandika kila kitu, bila ukali. Kwamba tumefika, kwamba hakuna mwisho, kwamba dada anangoja, na kwamba namwomba apige simu, nitamwekea mgonjwa sikioni, amwambie taji kapewa nani. Nikamweleza na ada yetu, kwamba aliyesifu hukaa nawe. Nikamweleza mpaka ya chazo. Ilikuwa ndefu kama hii.

Akajibu upesi, hilo nakiri. "Dah, pole mzee. Juzuu ya nne mwandishi hajaiandika bado. Watu wanaingoja miaka. Mimi mwenyewe niliachia katikati ya ile ya kwanza, ilinichosha, lakini niliona kila mtu anaisifu."

Nikaisoma mara mbili, kwa midomo.

"Ulisema ina mwisho wa kutoa machozi."

"Ndivyo walivyosema watu, mzee."

Mwingine akadakia. "Babu hajui bado ladha ya kungoja, ndiyo raha yenyewe." Wakacheka, zile sura za manjano zinazocheka na machozi. Mwingine akasema mzee asihuzunike, kuna kitabu kingine kizuri kupita hicho, juzuu kumi na nne, kina ramani mbili. Mwingine akasema hicho ni takataka, asome hiki. Wakaanza kugombana wao kwa wao juu ya nini nimsomee dada yangu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hali yake.

Nikaandika tena, neno moja moja. "Piga tu. Mwambie wewe kwamba hujui. Mimi nitamshikia simu."

Alama zile mbili zikageuka buluu. Ameona. Nikangoja. Naweza kungoja, nimezaliwa na wavuvi. Kikombe cha chai kikapoa mkononi, mwadhini akaadhini magharibi. Akaingia mtu mpya kikundini, akasalimu kama nilivyosalimu mimi, akauliza: nipeni kitabu kirefu cha falme. Na wa kwanza kumjibu ni yule mwenye joka. Akampa kile kile. "Soma hiki. Hutajuta."

Nikaishika simu kwa ncha za vidole, nasema kweli, kama samaki wa juzi. Si kwa uongo peke yake. Uongo nimeuona mwingi, na mwingine nimeusema. Ni ule wepesi. Yule jirani wa meno ya mbele alitiwa aibu na samaki, akaja siku tisa. Huyu alitiwa aibu na kipofu, akageuza uso upande wa pili akaendelea kugawa.

Sikumwandikia yule mgeni kumwonya. Ningeweza. Nilikuwa nimechoka kuandika.

Nikatafuta pale pa kutokea, nikapaona, nikabonyeza. Simu ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Nikavaa makubadhi, nikapitia kaa la moto jikoni na ubani kidogo, nikaenda nyumba ya pili kukaa na dada, maana mimi ndiye niliyesifu. Kule kikundini sijarudi.