Fundi na Joho la Shujaa

Fundi wangu wa nguo huongea na pini mdomoni. Huzitoa kwa jambo moja tu: kuisema tamthilia ya yule shujaa arukaye, ambayo msimu wake mpya umemtibua. "Dada, wamemvua joho! Wamembana kwa nguo ya mpira kama tairi la baiskeli. Sitazami tena." Anarudisha pini moja moja, anashona pindo, kisha anazitoa upya. "Ila sehemu ya nne, alipomwomba mama yake msamaha, hapo waliniweza." Ameapa kuacha mara tatu, na sehemu zote sita zilizokwisha kutoka anazijua dakika kwa dakika.

Leo nilifuata gauni la usaili wa kesho, wa tatu mwaka huu. Nilikuwa nimemwomba kitu cha kawaida, nisionekane sana. Nilipolivaa, kutoka mabegani kilining'inia kipande kirefu, kimepigwa pasi vizuri.

"Fundi, hili ni joho."

Akalitazama kama ndiyo kwanza analiona. "Mkono umejiendea, dada. Nilikuwa natazama sehemu ya saba, imetoka jana."

Akachukua mkasi. Mimi nikajigeuza mbele ya kioo, nikaona mabega yangu yalivyonyooka, nikamwambia apunguze nusu tu.