Hesabu ya Meno Getini kwa Debora

Debora wa Nkuhungu hana utani na mtu kuhusu meno. Yake ya mbele ni ya kahawia, rangi ya chai iliyokolea, na kinyozi mmoja wa Makole aliyemcheka alimwagiwa ndoo ya maji mchana kweupe. Mtaani kwao, na shuleni pia, maji ni ya kisima kirefu, yana madini. Ukiyanywa tangu mdogo, meno yanaota yameshapakwa rangi. Shule aliishia la saba. Mwaka wa nne huu anauza ubuyu kwenye geti la shule ya msingi, na ubuyu ndio unaomlisha.

Jumatatu akakuta karatasi kubwa getini. Mwezi uliopita wageni walikuja kukagua vinywa vya watoto, na sasa nchi nne zimechorwa kama nguzo, kila moja kwa wingi wa meno yake mabovu. Yetu imesimama kama mnara wa simu, za Ulaya hata magotini hazifiki. Chini, kwa kalamu nyekundu: UBUYU MARUFUKU.

Akaingia ofisini bila hodi.

"Mwalimu, nani kaandika upuuzi ule?"

Mwalimu mkuu Octavian akavua miwani. "Hata shikamoo hakuna, Debora?"

"Unanifukuza halafu unataka shikamoo? Hao wageni walihesabu nini?"

"Meno yaliyooza. Sukari yako hiyo!"

"Waliyajuaje?"

"Si yanaonekana? Ya kahawia."

Debora akaachama, akachukua kijiko cha chai mezani, akagonga jino lake. Ko! Ko! "Hili limeoza? Nafungulia soda hili! Wageni hawajui maji yetu, sawa. Wewe mzaliwa wa hukuhuku ukawashikia kalamu? Na hayo ya kwako ya kahawia je? Funga mdomo, nisije nikakuhesabu!"

Walimu waliokuwamo ofisini wakaangua kicheko. Octavian akafunga mdomo kweli.

Akaitwa Mishi, mganga wa meno wa zahanati, mama wa Kondoa asiye na haraka. Akawapanga watoto thelathini ambao wageni waliwaandika kuwa wana meno mabovu, akapitisha kioo na kindoana chake jino kwa jino.

"Ishirini na wawili hawana hata tundu," akasema. "Ni maji tu."

"Si nilisema!"

"Ngoja, mdogo wangu. Hawa wanane wameoza mpaka magego."

Debora akawatazama. Anawajua wote. Asubuhi ubuyu, mchana ubuyu, midomo myekundu mpaka kidevuni.

"Hawa wanakula kwangu," akasema mwenyewe, kabla hajasemewa.

"Umeona?" Octavian akadakia. "Kumbe nilikuwa sahihi!"

"Sahihi wapi? Ungesema wanane ningekusikia! Umesema shule nzima, umesema nchi nzima!"

"Basi baki getini, ila ubuyu wa sukari sitaki kuuona."

"Nitauza mkavu, usio na sukari, na wakiukataa nitajua mwenyewe. Lakini hao wageni uwaandikie leo."

"Hesabu imeshafika hadi wizarani Mtumba, Debora. Nitawaandikia wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya nani?" Debora akavuta kiti, akakaa mbele ya meza yake, beseni la ubuyu mapajani. Kengele ya mapumziko ikalia, wateja wakajaa getini, hakunyanyuka.

Octavian akahema, akachukua kalamu.

"Ishirini na wawili," Debora akamwambia. "Iandike kwa maneno."