Kisanduku cha Jina la Mtaani

Siku yangu ya kwanza maabara nilikabidhiwa koti jeupe na darubini. Darubini niliikagua mara mbili kabla ya kutia saini, hata Mkuu wa Maabara akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kununua. Nikamjibu kuwa kwetu mtaa wa Jang'ombe, nyumba ya wachuuzi, hayo hayatengani.

Nilipitia meza zote: mkojo, vimelea, damu. Mkuu wa tatu tangu niajiriwe ndiye aliyenikabidhi kompyuta, nitie programu ya kusimamia taarifa, yaani ile inayoifuata sampuli tangu kupokewa hadi majibu kutoka. Nikachagua programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuubadilisha.

"Bure, Bi Rukia? Cha bure hakikosi kasoro."

"Hakikosi, Bwana Mkuu. Lakini za hii tunaruhusiwa kuzitoa wenyewe."

"Wiki moja. Ikitukwamisha tunarudi kwenye karatasi, nawe kwenye vikopo vya mkojo."

Nikaomba mwezi. Tukapatana wiki mbili.

Siku ya mwisho akaja bwana mmoja dirishani, jasho linamtoka. Mama yake anapasuliwa mchana ule na daktari anataka kundi lake la damu.

"Jina la mgonjwa?"

"Bi Pazia."

Programu ikasema hayupo. Mkuu kasimama nyuma yangu, mikono mfukoni.

"La kwenye kadi?"

"Kikwajuni nzima Bi Pazia, dada! Kadi ya mama miye nkaisome ya nini?"

Akampigia simu khalati yake, ndugu wa mama. Asha, akasema khalati. Hayupo. Kumbe Asha ni jina alilobadilishiwa utotoni alipougua, la mwanzo likaonekana zito kwake. Hilo la mwanzo hakuna aliyelitaja tena, hata khalati kalisahau, likabaki kwenye vyeti tu.

Kundi la damu halikisiwi. Nikashuka wodini mwenyewe, nikasoma kadi na namba yake: Mize Haji Makame.

"Shikamoo bibi. Wewe ndiye Mize?"

"Marahaba. Mize alikuwa mtoto wa maradhi. Mie Pazia."

Majibu yakatoka, akapasuliwa salama. Mkuu akaniita.

"Karani wetu wa zamani angeandika Pazia, basi."

"Na hii itaandika. Nipe mpaka alasiri."

Nikaufungua msimbo, nikaongeza kisanduku chini ya jina: *Mtaani anaitwa.* Mkuu akakitazama, akavuta kiti.

"Ongeza na cha aliyetumwa kuchukua majibu."

"Hicho kesho."

"Leo, Bi Rukia."

Hapo nikajua biashara imekwisha. Mteja akishaanza kudai nyongeza, mali hairudishi.

Nilipostaafu, Mkuu wa tano alinisifu kwa programu ile. Nilipokea nusu ya sifa. Nusu ni ya wagonjwa, maana kila kisanduku tulichoongeza walikidai wao kwa kugomba. Nanyi vijana wa maabara, mkipewa programu msikae nayo kwenye kiyoyozi. Ipelekeni dirishani, itukanwe kwanza.