Lango la Umeme la Jeppestown

Stashahada yangu ya umeme niliipata Mwanza kwa kufyatua matofali mchana na kusoma jioni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilikwenda nayo Johannesburg ndani ya begi, na miaka sita baadaye nikarudi kujenga ghorofa ambalo kila anayepita mtaani kwetu analigeukia. Nasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa mtu wa kudanganywa.

Huko Johannesburg, mtaa wa Jeppestown, nilipanga chumba juu ya duka la Mhabeshi mmoja, muuza mablanketi. Kutoka Ethiopia alikuja kwa miguu na kwa malori. Kiswahili alikipata gerezani Tanzania, alikokamatwa njiani. Alianza kwa kutembeza mablanketi begani, mlango kwa mlango, na sasa wachuuzi walinunua kwake kwa jumla. Alimjengea mama yake huko kwao nyumba ya vigae, ambayo yeye mwenyewe aliiona kwenye simu tu. Mimi ndiye niliyemwekea lango la umeme na kamera nne.

Wiki moja Wahabeshi wenzake wakaanza kunifuata.

"Fundi, anaamka saa ngapi?" aliniuliza mzee wao, aliyewahi kuishi Nairobi.

"Kwa nini?"

"Nauliza tu. Analala peke yake? Hilo lango, wewe unaweza kulifungua?"

"Muulize mwenye duka."

"Hapana, kaka. Yeye asijue."

Siku hiyohiyo mwenzao mmoja aliazima simu ya mwenye duka, asiirudishe. Kila nikiingia dukani, wananyamaza. Jirani yangu Mkongo, kinyozi, alicheka nilipomsimulia, akaniita kaka kwa Kiswahili cha kwao. "Eish, yaya, banamupima huyo! Mwizi ya hapa anatokeaka mu nyumba."

Nikamweleza mwenye duka yote.

"Hao ni watu wa kijiji changu," alisema.

"Ndio wanaojua ulichonacho. Simu yako iko wapi?"

Akapapasa mfuko mtupu.

Alfajiri ya Jumamosi wakaja, watu kama kumi, wanawake watatu kati yao wamebeba mifuko. Mimi na mwenye duka, tuliokuwa tukilinda ndani, tuliwaona kwenye kioo cha kamera. Mzee aligonga, akaita kwa upole. Mwenye duka aliwafokea kwa lugha yao, kisha akanigeukia. "Usifungue. Piga king'ora." Nikapiga. Madirisha ya mtaa mzima yakafunguka.

Hapo mwanamke mmoja akatoa shuka jeupe kwenye mfuko, akajitanda, pindo lake la rangi likiwa juu shingoni badala ya kuning'inia chini. Mwenye duka akaweka kidole kwenye kioo, juu ya lile pindo.

"Mama," alisema, akaporomoka.

Kwao pindo likipanda shingoni ni msiba, na msiba hausemwi kwenye simu. Wenzako wanauficha hata siku tatu, wanakuondolea simu isije ikakupasulia habari, kisha wanakuja pamoja alfajiri, ukiwa bado ndani, ili wakushike utakapoanguka. Mimi ndiye niliyemshika, kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa unatafuta rimoti ya lango.

Walipoingia, mzee alisimama mbele yangu. "Fundi, lango lako ni zuri sana. Tumemlilia mama yake barabarani."

Mwenye duka hakunifukuza. Hadi naondoka aliniletea wateja, akiwaambia hakuna mwizi aliyewahi kulipita lango lile. Ni kweli. Kazi zangu zote napenda zisifiwe, isipokuwa hiyo.